Hatua Tatu

Mchana ule mtoto aliachilia ukuta akatembea hatua tatu, na aliyemwona ni Truphena peke yake. Walikuwa katika nyumba aliyoikodi ng'ambo ya barabara, mkabala na kwake, ambamo huwalea watoto wa wakata miwa wa Awendo. Truphena alipiga makofi, kisha akaacha ghafla. Kesho yake mama mtoto alikuwa anasafiri kwenda Saudia, kazi ya nyumbani, miaka miwili.

Jioni mama huyo aliingia, macho yamevimba kwa kulia.

"Mama, bado hajatembea?"

Truphena hakuwahi kumdanganya mzazi. Alivitazama vidole vya yule mama kijana vikikunja na kukunjua ncha ya leso.

"Bado, nyathina, mwanangu."

Akamnyanyua mtoto, akamsimamisha kando ya ukuta, na kile kiganja kilichonata uji akakibandika kwenye chokaa. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Piga magoti hapo. Muite."

"Baba, njoo," mama alimwita mwanawe. "Njoo kwa mama."

Mtoto akacheka. Akautoa mkono ukutani.

Truphena akawapa mgongo, akayatazama malori ya miwa yakipita.