Mkono wa Bi Kuruthumu

"Dada, huo mkono hauna mwenyewe, unaharibu picha," aliandika mkuu wa kundi letu la wapiga picha kwenye WhatsApp. "Nimekufutia. Sasa ndiyo picha ya familia."

Nikafungua alichotuma. Watoto wa Bi Kuruthumu wamesimama sebuleni kwao, hapa hapa Kariakoo, na nguo zao za Idi, pazia la kijani limetulia nyuma yao. Mkono wa mama yao haupo.

Picha ile niliipiga mimi. Bi Kuruthumu yumo edani, mumewe kafariki mwezi wa Shaabani, na hakutaka sura yake ionekane. Akasimama nyuma ya pazia, akapenyeza mkono, akamshika bega kitindamimba wake. Binti zake walijaa hina mpaka viwikoni. Mkono wake ulikuwa mtupu, hauna hina wala pete.

"Nami nimo, mwanangu," aliniambia kutoka huko nyuma. "Usije ukanitoa."

Kundini vidole gumba vilikuwa vinamiminika. "Mkuu noma sana!" "Dada, si useme asante?"

Nikaivuta picha yake karibu. Mkono kaufuta vizuri, sikatai. Lakini shati la mtoto, pale begani, bado limekunjamana, limebonyezwa na vidole ambavyo havipo.

Nikairudisha yangu kundini, yenye mkono, nikaandika: "Mkuu, litazame bega. Mama umemfuta, mtoto bado kashikwa. Hii ndiyo inaenda ukutani kwao. Anayekereka ajitoe. Mimi nimo."