Kibao cha Tisa

Muziki ulipokwisha, Tunu na Shekue walisimama katikati ya ukumbi juu ya viatu vyao vya magurudumu, bado wameshikana mikono. Hawakuwa wameanguka hata mara moja. Wachezaji wenyeji waliowatangulia walianguka, wakapewa saba. Washindi wangekwenda kushindana mji mkuu.

Waamuzi wanne waliinua vibao vya sita. Makame, mwamuzi wa tano, aliyeketi mwisho wa meza, aliinua tisa.

"Alama ya juu kabisa inatupwa, na ya chini kabisa inatupwa," mwamuzi mkuu alimwambia bila kumtazama. "Umeuchosha mkono bure, bwana."

"Najua."

"Tulikubaliana kwenye chai. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa chai."

Wenyeji walitangazwa washindi, watu wakawabeba juujuu mpaka nje. Waamuzi wakaenda kula pilau. Hakuna aliyemwita Makame.

Tunu alikuja mezani peku, viatu mkononi.

"Ni wewe uliyetupatia tisa?"

"Ni mimi. Haikuhesabiwa, mwanangu."

"Mimi niliiona. Mwenzangu aliviona vile vibao vya sita, akainamisha kichwa. Sasa anasema yeye na viatu hivi basi. Kiinue chako tena, baba, akione."

Shekue alikuwa ameketi karibu na mlango, amewapa mgongo, anafungua kamba za viatu. Makame alisimama, akakiinua kibao juu ya kichwa chake. Tunu aliita. Shekue akafungua kamba ya kiatu cha pili, taratibu, na Makame hakuushusha mkono.