Suti ya Harubu

Meja Kitogo alikataa kiti. Alisimama mlangoni na kofia yake kwapani, akasema amekuja kuchukua suti ya rubani, kwani ni mali ya jeshi.

Mwanaidi aliitoa kabatini. Ilikuwa suruali nzito yenye mifuko ya hewa ndani, inayowabana marubani mapaja na tumbo ndege inapokata kona kali, ili damu isiwateremkie miguuni wakazirai. Mumewe, Harubu, alizirai akiwa ameivaa. Alizinduka karibu na ardhi, akawahi kuruka kwa mwavuli. Sasa hakuweza kusimama, na meja alikuwa ameandika kwamba siku ile alirusha ndege akiwa amelewa.

"Shemeji, nipe niende."

"Usiniite shemeji."

Mwanaidi aliutia mdomoni mpira wa kuingizia hewa, akapuliza kwa nguvu. Suti ilifura kidogo, kisha ikaanza kunywea.

"Weka mkono hapa pajani, Afande."

"Sikuja kucheza."

"Nilikwambia inavuja," Harubu alisema kutoka kitandani, chumba cha pili. "Ukanijibu kwamba mwoga hakosi sababu."

Meja hakugeuka kumtazama. Alinyoosha mkono. "Ilete hiyo suti."

Mwanaidi alirudi nyuma hatua moja, akaikumbatia, akavuta pumzi na kupuliza tena. Hewa ilitoka pajani polepole, wote watatu wakiisikia, na mkono wa meja ulikuwa bado umenyooka.