Mshipa Uliokataa

Mzee Kitwana alikuwa macho, amelala chali, kifua kimetiwa ganzi. Daktari alikuwa akipitisha waya wa kifaa cha kuusaidia moyo wake uliochoka, lakini waya ulifika mahali ukakwama.

"Mzee, mshipa umekuwa mwembamba mno," alisema. "Naweza kuutanua kwa puto dogo, ila unaweza kupasuka. Tukiacha, moyo huu hautafika mbali. Huko nje una ndugu tumuulize?"

"Hakuna mtu."

"Hata jirani?"

"Jirani ana shughuli zake."

Katika mji ule mtu hakatwi hata jipu kabla wa kwao hawajasema neno. Mzee akamtazama mmoja wa wauguzi, aliyesimama karibu na kichwa chake, uso umefunikwa, macho tu yanaonekana.

"Wewe, mwanangu. Ungekuwa binti yangu, ungesemaje?"

Muuguzi akainama. "Ningesema, baba, acha ubishi. Waache watanue, twende nyumbani ukale."

Mzee akacheka kidogo. "Haya, mmemsikia. Tanueni."

Akafumba macho. Kifua kilimbana, pumzi ikampaa, halafu akasikia daktari akisema, "Waya umepita! Umepita, mzee!"

Akafumbua macho amshukuru binti yake. Wauguzi watatu walikuwa wamemzunguka, wote wamevaa barakoa na kofia za kijani, wanakusanya vifaa kimyakimya. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja yupi atamwita baba.