Korongo na Ahadi ya Dubu

Zamani wanyama walipokuwa na mabalozi, Korongo aliiwakilisha nchi ya nyati. Siku moja alitumwa kwa Dubu, mfalme wa ng'ambo ya milima, akamwombe aondoe jeshi lake mpakani.

"Nimekwisha liamuru liondoke, Mheshimiwa Balozi," Dubu alisema kwa upole. "Ila usiniaibishe kwa kukataa asali yangu."

Korongo akakirimiwa siku tatu, kisha akaruka kurudi kwao, akijisifu kwa ulimi wake laini. Mpakani hakukuta askari hata mmoja. Lakini alipovuka kilele cha mwisho aliona moshi bondeni, na nyati wakikimbia na ndama wao mbele ya jeshi la Dubu.

Hakuwa ameuliza jeshi lingeondoka kwenda wapi.