Harufu ya Kwetu

Siku hizi kila nyumba inalindwa na sisimizi wa moto, nasi tunajipaka mafuta yenye harufu ya malkia wao ili watutambue. Wangu nawaamini kuliko mlinzi yeyote. Kufuli nilishazitupa.

Jana binti yangu Mwanakheri alikuja kunitembelea, akasimama getini, nami nikatoka kumlaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiingie kwanza! Unanukia mafuta ya kwa mumeo. Ngoja nikuletee ya kwetu."

Akacheka, akanirukia shingoni. Nikamkumbatia kwa nguvu. Nilikuwa na hamu naye mno.

Kisha nikageuka, harufu ya kwa mumewe imenishika nguo nzima. Sisimizi walikuwa wamejaa kizingitini, wametulia, wananisubiri mimi.

Mafuta ya kwetu yamo ndani.