Pedali Moja kwa Kila Mpiga Gitaa

Sheria inamruhusu kila mpiga gitaa abaki na pedali moja tu, kile kifaa cha kukanyaga kinachorekodi na kubadili mlio wa gitaa. Afisa alipokuja kuchukua ya pili, Mzee Kalisti alishikilia ile kuukuu, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Lakini hii mpya ina milio mia tatu, mzee wangu!" afisa akashangaa.

Mzee akaikanyaga ile kuukuu. Rumba aliyoirekodi ujanani ikaanza kujirudia, na katikati yake sauti ya marehemu mkewe, iliyonaswa siku ile, ikaita kutoka jikoni: "Baba Leokadia, zima hilo gitaa, ndizi zinapoa!"

Enzi hizo alikuwa akijifanya hasikii.

Afisa akagonga muhuri. "Haya. Kesho tutaisafisha, tuondoe kila sauti isiyo ya gitaa."

Alipoondoka, mzee aliikanyaga tena. Mkewe akaita. Safari hii alizima mara moja, akaenda kunawa mikono.